Kubadili pH ya asidi: matone ya mwisho ndiyo yanayoponza

Mtu akiona pH, yaani kipimo cha ukali wa asidi, imetoka 2 ikafika 3 hudhani ukali umepungua kidogo tu. Kumbe ioni (chembe zenye chaji) za haidrojeni zilizomo katika kila lita zimepungua mara kumi. Ndivyo Søren Sørensen, mkemia wa Denmark, alivyokipanga kipimo hiki mwaka 1909: hatua moja ni mara kumi, na kadiri namba inavyoshuka ndivyo asidi inavyokuwa kali. Ukitaka kuishusha pH, ongeza asidi. Kuipandisha ndiko kwenye kazi.

Unaweza kuizimua asidi kwa maji. Mililita 10 za asidi ya haidrokloriki yenye pH 2 zitafika pH 3 ukijaza maji hadi mililita 100. Ukiitaka 4, ujaze hadi lita nzima. Ukiitaka 5, hadi lita 10. Lakini asidi yote bado imo humo humo, imetawanyika tu, na hata umimine maji kiasi gani pH haitavuka 7, ambayo ni ya maji safi. Asidi dhaifu kama ile ya siki ni sugu zaidi: ukiizimua mara kumi, pH hupanda karibu nusu hatua tu, maana molekuli zilizokuwa zimeshikilia haidrojeni huanza kuiachia.

Unapozimua, mimina asidi ndani ya maji, polepole, huku ukikoroga. Usifanye kinyume chake kamwe. Maji yakimwagwa juu ya asidi kali ya salfuriki huchemka papo hapo na kuirusha usoni.

Njia ya pili ni kuongeza besi, yaani kemikali iliyo kinyume cha asidi, na hii huiondoa asidi yenyewe: ioni za haidroksidi hukutana na zile za haidrojeni, yakawa maji. Hapa ndipo wengi hukosea. Chukua mililita 100 za asidi ya haidrokloriki yenye moli 0.1 kwa lita (moli ni kizio cha kupimia idadi ya chembe), pH yake 1, kisha uongeze sodiamu haidroksidi, besi kali, ya kiwango hicho hicho. Baada ya mililita 90 utasoma 2.3 tu. Baada ya 99, 3.3. Kwenye 99.9, 4.3. Mtu aliyechoka kusubiri humimina kwa pupa, na kwenye 100.1 anakuta 9.7! Kati ya namba hizo mbili za mwisho kuna mililita 0.2, yaani kama matone manne. Kwa hiyo ukishaona namba imeanza kusogea, tone moja moja, koroga, subiri kipimo kitulie, ndipo uongeze.

Asidi ikimwagika sakafuni, napendelea sodiamu baikaboneti, besi dhaifu. Hutoa povu la kabonidayoksaidi, na povu likikoma ujue asidi imekwisha. Ukizidisha, pH haipandi sana, huishia karibu 8.3, ilhali sodiamu haidroksidi ikizidi nayo inaunguza.

Kuna myeyusho usiotaka kusogea hata ukiongeza besi: bafa, mchanganyiko wa asidi dhaifu na chumvi yake. Huo hugoma mpaka asidi iliyomo iishe, kisha pH huruka ghafla.

Haya yote ni ya chomboni na sakafuni. Asidi ikikurukia mwilini, usijaribu kuipooza kwa besi, kwani zikikutana hutoa joto juu ya ngozi iliyokwisha kuungua. Vua nguo zilizolowa, jimwagie maji safi yanayotiririka kwa dakika 20 au zaidi, kisha uende hospitali.