Avogadro hakuikokotoa namba ya Avogadro

Wanafunzi wengi wa kemia huamini kwamba Amedeo Avogadro ndiye aliyekokotoa ile namba maarufu, 6.022 × 10²³, yaani idadi ya chembe zilizomo katika moli moja, kipimo cha kiasi cha dutu. Sivyo. Mwitaliano huyo alifariki mwaka 1856 bila kuijua. Alichosema mwaka 1811 ni kwamba gesi zenye ujazo sawa, katika joto na mgandamizo uleule, zina idadi sawa ya molekuli. Ni ngapi? Hakusema. Josef Loschmidt wa Austria ndiye aliyekadiria ukubwa wa molekuli za hewa mwaka 1865, jambo lililowezesha kukadiria idadi yake, na mwaka 1909 Mfaransa Jean Perrin akapendekeza namba hiyo iitwe kwa jina la Avogadro. Kwangu mimi heshima hiyo aliistahili, maana wazo lake ndilo lililofungua njia.

Tangu Mei 2019 namba hii haipimwi tena, imeshawekwa: moli moja ni chembe 6.02214076 × 10²³ kamili.

Sasa pima maji gramu 9. Moli moja ya maji ina gramu 18, kwa hiyo 9 ÷ 18 ni moli 0.5. Zidisha kwa namba ile, unapata molekuli 3.011 × 10²³, na maji yenyewe hayajazi hata kijiko cha chakula.