Shati la Katuba: dhana potofu kuhusu waandamanaji waliouawa kwa kudai kujitenga

Mama mmoja wa mtaa wa Katuba aliingia ofisini kwangu, akaketi, akatoa mfuko wa plastiki mkobani mwake, na ndani ya mfuko huo mlikuwa na shati la mwanawe aliyeuawa katika maandamano. Sijamuuliza lolote, akanitangulia kwa maneno ambayo nimeyasikia mara nyingi mno katika kazi yangu ya uanasheria hapa Lubumbashi, jiji kuu la Katanga, kusini mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo: "Mwanangu, najua sina haki ya kudai kitu. Kijana alikuwa ameshika bendera ya Katanga. Nilitaka tu unisaidie nipate cheti cha kifo." Alikuwa amekaa na shati hilo miaka minane, akiamini kwamba bendera iliyokuwa mkononi mwa mwanawe ilikuwa imeshaihukumu kesi.

Katika dhana zote potofu ninazokutana nazo, hiyo ndiyo inayonikera kuliko nyingine, na hunikera zaidi inapotoka kinywani mwa mfiwa. Ofisa anaposema kwamba waliokufa walikuwa "watu wa Bakata", ninajua anajitetea. Mzazi anapoyarudia maneno hayohayo, ujue jina limeshafanya kazi yake. Bakata Katanga ni jina lililobeba kitenzi chetu cha kukata, wale wanaotaka kuikata Katanga kutoka katika nchi, na imefika mahali ambapo kijana akishabandikwa jina hilo, hata baada ya kuzikwa, hakuna anayeuliza alikuwa ameshika nini wala alipigwa risasi akiwa ameelekea wapi.

Dhana yenyewe inasema kwamba anayedai kujitenga amejitoa mwenyewe katika ulinzi wa sheria, kwa hiyo askari akimpiga risasi ametetea nchi. Ni kweli kwamba Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 inaitaja nchi yetu, tangu ibara ya kwanza, kuwa moja na isiyogawanyika, na ni kweli kwamba kula njama ya kuigawa kwa nguvu ni kosa la jinai. Lakini kosa la jinai huhukumiwa na mahakama. Ibara ya 16 inasema binadamu ni mtakatifu na ana haki ya kuishi. Ibara ya 17 inasema mshtakiwa huhesabiwa kuwa hana hatia mpaka hukumu ya mwisho itoke. Na ibara ya 61 inaitaja haki ya kuishi miongoni mwa haki ambazo haziwezi kusimamishwa kwa hali yoyote, hata pale hali ya dharura au hali ya kuzingirwa inapotangazwa. Nawaomba ndugu zetu wa Goma, ambao mkoa wao uliwekwa chini ya hali hiyo ya kuzingirwa, yaani utawala wa kijeshi, mwezi Mei 2021, waisome ibara hiyo kwa makini, kwa sababu huko nako nimesikia watu wakisema kwamba chini ya utawala huo askari haulizwi.

Kipimo cha kufyatua risasi kiko mahali pengine kabisa. Kanuni za Msingi za Umoja wa Mataifa kuhusu matumizi ya nguvu na silaha za moto, zilizopitishwa Havana mwaka 1990, zinamruhusu mlinzi wa usalama kutumia silaha ya moto dhidi ya mtu pale tu anapojikinga, au kumkinga mwingine, na hatari ya kifo au ya jeraha kubwa iliyo mbele yake wakati huohuo, na njia nyepesi zaidi zimeshindikana. Na kufyatua kwa nia ya kuua kunaruhusiwa tu pale ambapo hakuna njia nyingine kabisa ya kuokoa uhai. Kanuni ya 8 inaongeza kwamba machafuko ya kisiasa ndani ya nchi hayawezi kutolewa kama sababu ya kukiuka masharti hayo. Kwa hiyo wimbo, kitambaa chenye rangi nyekundu, nyeupe na kijani, misalaba midogo ya shaba, hata tamko la uhuru lililosomwa kwa sauti mbele ya ofisi ya gavana, havimo katika mizani hiyo. Kinachopimwa ni kile ambacho mikono ya mtu ilikuwa ikifanya wakati risasi inatoka.

Anayebisha namrudisha Kipushi. Gédéon Kyungu Mutanga, ambaye wapiganaji wake walichoma vijiji vya kaskazini ya Katanga, hakuuawa barabarani. Alijisalimisha mwaka 2006, akafikishwa mbele ya mahakama ya kijeshi iliyoketi Kipushi, akatetewa na mawakili, mashahidi wakasikilizwa miezi na miezi, na hukumu ikatolewa Machi 2009: alipatikana na hatia, na makosa dhidi ya ubinadamu yakiwamo. Kwamba alitoroka katika gereza la Kasapa mwaka 2011 pamoja na mamia ya wafungwa ni aibu ya gereza, na haiondoi ukweli kwamba alipewa kesi. Sasa mtu anieleze ni kwa sheria gani mbabe wa vita mwenye damu za vijiji mikononi alistahili jaji na wakili, ilhali kijana wa Katuba mwenye kitambaa alistahili risasi bila neno. Swali hili nimeliuliza mbele ya mahakimu na mbele ya maofisa wa polisi, na sijajibiwa.

Wazee wanaokumbuka mwaka 1960 wanajua jambo jingine. Moïse Tshombe alitangaza kujitenga kwa Katanga tarehe 11 Julai mwaka huo, vita vikapiganwa, na jaribio hilo likafikia mwisho wake Januari 1963. Mwezi Julai 1964, mtu yuleyule aliapishwa Léopoldville, Kinshasa ya leo, kuwa waziri mkuu wa Kongo nzima. Viongozi wa kujitenga hupatanishwa na kupewa viti, na kwa hilo sina ugomvi, lakini wafuasi wanaotembea kwa miguu nyuma yao ndio wanaoambiwa kwamba wamepoteza haki ya kuishi.

Hapo huulizwa juu ya fimbo na mawe, na swali ni la haki. Huko Kongo Central, zamani Bas-Congo, wafuasi wa Bundu dia Kongo, dini yenye siasa ya kuurudisha ufalme wa Kongo, waliandamana mwishoni mwa Januari na mwanzoni mwa Februari 2007 kupinga matokeo ya uchaguzi wa gavana. Polisi na wanajeshi waliua watu zaidi ya 100 katika miji ya Matadi, Boma, Muanda na Songololo. Askari kadhaa nao waliuawa, na sitaki kulificha hilo, kwa sababu familia zao nazo zilizika. Operesheni za polisi zikarudi mwaka 2008 na vifo vikawa vingi tena; na Aprili 2020, huko Songololo na Kinshasa, shirika la Human Rights Watch lilihesabu waliouawa wasiopungua 55. Mara nyingi silaha za wafuasi hao zilikuwa vijiti, mawe na kokwa za michikichi walizoamini kwamba zina nguvu ya kuwakinga.

Kijiti kinaweza kuua, sikatai, na anayemwinulia polisi jiwe kichwani kwa karibu anaweza kuzuiwa hata kwa nguvu kubwa. Lakini sheria humpima kila mtu kwa tendo lake. Jiwe lililotupwa na wa mbele halimfanyi anayeimba nyuma yake kuwa shabaha, na aliyekuwa na jiwe mkononi akiligeuzia mgongo gari la polisi na kukimbia hana tena hatari anayoileta. Mambo hubadilika pale penye wapiganaji wa kweli wenye bunduki na panga, kama wale walioingia Lubumbashi tarehe 23 Machi 2013, maana hapo jeshi lina haki ya kupigana. Hata hivyo, mpiganaji anayetupa silaha na kuinua mikono ametoka vitani, na kumuua ni kosa. Na kwa vijana wanaoahidiwa kwamba hirizi itageuza risasi kuwa maji, naomba wanisikie vizuri: anayekuahidi hivyo anakupeleka kufa, na siku ya mazishi hatakuwepo.

Dhana nyingine sitazichelewesha. "Hawakuwa na kibali." Ibara ya 26 ya Katiba inawataka waandaaji wa maandamano ya barabarani waijulishe mamlaka kwa maandishi, haisemi kwamba waombe kibali. Hata kama hawakuijulisha, kanuni za Havana zinataka mkusanyiko usio halali lakini usio na ghasia utawanywe bila nguvu, au kwa nguvu ndogo iwezekanavyo. Kukosa barua hakulipiwi kwa uhai.

"Walipiga hewani kwanza." Onyo ni wajibu wa askari kabla ya kufyatua, na kulitoa hakumpatii haki ambayo hakuwa nayo. Mtu ambaye hakuwa hatari kabla ya onyo hawi hatari kwa sababu amelisikia na bado amesimama. Na risasi iliyopigwa hewani hushuka, mara nyingine juu ya bati la nyumba yenye watoto.

"Askari alitii amri." Ibara ya 28 inasema hakuna anayelazimika kutekeleza amri iliyo haramu waziwazi. Tarehe 30 Agosti 2023, huko Goma, askari waliwafyatulia risasi wafuasi wa kundi la kidini waliokuwa wanajiandaa kuandamana dhidi ya MONUSCO, kikosi cha kulinda amani cha Umoja wa Mataifa, watu zaidi ya 50 wakafa. Hao hawakudai kujitenga, lakini somo la sheria ni lilelile. Chini ya wiki tano baadaye, mahakama ya kijeshi ya Goma ilimhukumu kanali wa kikosi cha walinzi wa rais adhabu ya kifo, na askari wengine watatu kifungo cha miaka 10. Adhabu ya kifo siiungi mkono hata kwa kanali. Ninachotaka wateja wangu wakishike ni kwamba kanali na askari wa chini yake walifikishwa mahakamani pamoja.

"Serikali imesema alikufa mmoja." Sisi wa Lubumbashi ndio wa mwisho kupaswa kuamini hesabu ya siku ya kwanza. Usiku wa tarehe 11 kuamkia 12 Mei 1990 wanafunzi walivamiwa katika kampasi ya chuo kikuu chetu, na serikali ya Mobutu, baada ya kukana, ilikubali kifo kimoja. Mpaka leo idadi inabishaniwa, kwa sababu hakukuwa na uchunguzi huru wa mapema.

"Raia hawezi kumshtaki mwanajeshi." Anaweza. Wanajeshi na polisi huhukumiwa na mahakama za kijeshi kwa mujibu wa ibara ya 156, lakini mlango wa oditora ya kijeshi, yaani ofisi ya mwendesha mashtaka wa kijeshi, uko wazi kwa raia kupeleka malalamiko, na familia inaweza kujiunga na kesi kudai fidia. Siwadanganyi kwamba njia ni fupi. Oktoba 2004 kikundi kidogo kilichojiita cha ukombozi wa Katanga kiliingia Kilwa, ukingoni mwa ziwa Mweru. Jeshi lilipourudisha mji, watu zaidi ya 70 waliuawa, wengi wao raia, na baadhi yao waliuawa bila kesi wakiwa wamekwisha kukamatwa. Mwaka 2007 mahakama ya kijeshi ya hapa Lubumbashi iliwaachilia washtakiwa kuhusu mauaji ya Kilwa. Wafiwa hawakukata tamaa, na Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliamua kwamba nchi yetu inawajibika, na ikaagiza fidia ya dola milioni 2.5 kwa waathiriwa 8 na familia zao. Kutoka uamuzi hadi fedha kuna safari nyingine, lakini bila majina, nguo na karatasi walizotunza, hata uamuzi usingekuwepo.

Ndiyo maana nawasumbua wateja wangu juu ya nguo. Shati la yule mama lilikuwa limefuliwa na kupigwa pasi. Nililitandaza mezani: nyuma, chini ya bega la kushoto, tundu dogo la mviringo; na mbele, mahali palipopasuka zaidi, yeye mwenyewe alikuwa amepashona kwa uzi mweupe, kwa mishono midogo sana, kwa sababu hakuweza kulitunza shati la mwanawe likiwa limechanika. Tundu la nguo peke yake halithibitishi risasi iliingilia wapi, na wakili anayejifanya daktari atashindwa mahakamani. Daktari huangalia pia damu, masizi ya baruti na nyuzi zilivyokatika, na hayo yote huondoka kwa maji na sabuni. Nguo isifuliwe wala kushonwa. Ikaushwe kivulini, iwekwe katika mfuko wa karatasi, maana plastiki huiozesha, na juu yake ziandikwe tarehe na jina la aliyeipokea. Mwili usizikwe kabla daktari hajaandika idadi ya majeraha na mahali yalipo, na kama hospitali inakataa kuandika, mtu apige picha mbele ya mashahidi wawili. Maneno "kifo cha ghafla" kwenye cheti msiyakubali.

Mama aliniuliza kama amechelewa. Kwa kosa la kuua, sheria yetu ya jinai inatoa miaka 10 kabla mashtaka hayajafungwa na muda, isipokuwa kwa makosa dhidi ya ubinadamu, ambayo hayafungwi na muda wowote. Kwa hiyo tulikuwa na miaka miwili. Nilimwomba ruhusa nisiufumue uzi wake, nikalipiga shati picha pande zote mbili kama lilivyo, na Jumatatu iliyofuata tulikwenda pamoja oditora, yeye akiwa amelibeba katika mfuko wa kaki niliompa, jina la mwanawe likiwa limeandikwa juu yake kwa mkono wake mwenyewe.