Yoga, tafakuri na kalamu: yanayosemwa na yaliyo kweli

Dhana: ukitafakari, lazima kichwa kiwe kitupu

Hii ndiyo inayowakatisha tamaa waandishi wengi. Mtu anakaa, anafumba macho, anahesabu pumzi tatu, mara akili imeshakimbilia deni, ujumbe ambao hajaujibu, sura ya nne iliyokwama. Anainuka akisema, "Mimi siwezi." Kumbe hapo ndipo zoezi linapoanza. Kuwaza ni kazi ya ubongo, na hauachi kwa kuamriwa. Unachofanya ni kugundua kwamba umechukuliwa, kisha unarudi kwenye pumzi bila kujigombeza. Ukichukuliwa mara hamsini na kurudi mara hamsini, umefanya zoezi mara hamsini.

Kurudi huko ndiko mwandishi anakokuhitaji mezani. Niliwahi kuandika tukio la mama anayekunja nguo za mwanawe aliyehama. Sentensi ya pili haijaisha, nikaanza kusikia watakavyosema wasomaji. Zamani ningeinuka nikapange vitabu. Siku hiyo nikajiambia tu, "Hilo ni wazo," nikarudi kwenye shati lililokuwa mikononi mwa yule mama. Nikaliona: kifungo cha pili kutoka juu hakipo, uzi bado unaning'inia. Hadithi nzima ilitokea kwenye ule uzi.

Dhana: tafakuri yoyote huleta mawazo mapya

Hapana, zinatofautiana. Mwaka 2012, Lorenza Colzato na wenzake wa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, walichapisha utafiti uliolinganisha aina mbili. Ya kwanza huelekeza akili kwenye kitu kimoja, kama vile pumzi. Ya pili huacha mlango wazi: sauti, hisia, kumbukumbu, kila kinachopita unakiona bila kukichagua wala kukifukuza. Baada ya hapo washiriki walitakiwa kutaja matumizi mengi kadiri walivyoweza ya vitu vya kawaida. Aina ya pili ndiyo iliyowasaidia zaidi kupata majibu mengi na ya namna mbalimbali.

Washiriki walikuwa wachache, kwa hiyo tusiugeuze utafiti huo kuwa sheria. Ila unalingana na ninavyofanya mwenyewe. Kabla ya rasimu ya kwanza naacha mlango wazi. Siku ya kuhariri nakaa na pumzi peke yake, kwa sababu uhariri unadai jicho libaki kwenye sentensi moja hata pale linapotamani kuikimbia.

Dhana: yoga ni ya wenye viungo laini

Yoga Sutra za Patanjali, matini kongwe inayoheshimiwa sana katika yoga, zina sutra, yaani kauli fupi, karibu 200. Zinazozungumzia mkao wenyewe ni tatu tu, na ya kwanza inasema mkao uwe imara na wa raha. Huhitaji kusimama kwa kichwa. Piga magoti, weka viganja sakafuni. Ukivuta pumzi bonyeza mgongo chini, ukitoa uinue juu kama paka aliyeshtuka. Fanya mara sita, taratibu, na pumzi ya kutoka iwe ndefu, maana mapigo ya moyo hupungua kasi unapotoa pumzi. Mabega yaliyojikunyata mbele ya kompyuta tangu asubuhi yatakushukuru.

Dhana: mwandishi akitulia atakosa cha kuandika

Naielewa hofu hii. Wengi tumeamini kwamba maandishi mazuri hutoka kwenye maumivu, na maumivu yakipoa kalamu nayo hukauka. Lakini utulivu haufuti hasira. Unakuwezesha kukaa nayo mpaka ujue iko kooni au tumboni, na imeamshwa na neno la nani. Hasira unayoikimbia itakupa "alikasirika sana." Ile uliyoitazama itakupa kikombe kilichowekwa mezani polepole mno.

Dhana: kutafakari hakumdhuru mtu

Hapa naomba tuwe waangalifu, hasa sisi tunaochimba majeraha ili tuandike. Kwa aliyepitia ukatili au tukio la kutisha, kufumba macho katika ukimya kunaweza kuyarudisha yote kwa mkupuo. Ikitokea, fumbua macho, sikilizia nyayo zako sakafuni, taja vitu vitano unavyoviona, kisha acha kwa siku hiyo. Yakiendelea kurudi, zungumza na mtaalamu wa afya ya akili kabla ya kuyageuza kuwa sura ya kitabu. Hadithi itasubiri.

Dhana: inahitaji saa nzima

Anza na dakika tano. Simu iwe chumba kingine. Ukimaliza usifungue barua pepe. Andika kwa mkono dakika kumi bila kufuta neno, ukianzia na sauti ya mwisho uliyoisikia ukiwa umefumba macho.