Muuza Unga Haogopi Miaka, Anaogopa Kukamatwa

Kila zinapotangazwa habari za jahazi lililokamatwa baharini na shehena ya heroini, hoja ile ile hurudi, na safari hii nimeisikia kwa msomi niliyemtarajia atafakari kabla ya kusema: wanyongwe kama Singapore, au wafungwe maisha wote, na biashara itakwisha. Mimi ni wakili wa kesi za jinai Dar es Salaam, na kinachonichosha zaidi ni dhana kwamba tunaoipinga hoja hiyo tunawahurumia wauzaji. Siwahurumii. Nimewaona vijana wakitapika na kutetemeka kwa arosto, mateso ya kuikosa dawa, wakiwa mahabusu, na ninawajua waliowafikisha hapo. Kwa sababu hiyo hiyo ninataka kinachofanya kazi.

Tuanze na jambo ambalo wengi hawalijui: adhabu kali tunazo tayari. Kwa mabadiliko ya sheria ya mwaka 2017, anayesafirisha zaidi ya gramu 200 za heroini hapa Tanzania anakabiliwa na kifungo cha maisha, na anayesafirisha kiasi kisichozidi hapo anakabiliwa na miaka 30. Kusafirisha, katika lugha ya sheria, ni pamoja na kuuza. Kete, yaani kipakiti kimoja cha unga, haifiki hata gramu moja, lakini pusha anayeuza kete chache na yule aliyeficha gramu 190 uvunguni wanaangukia kifungu kimoja. Vivyo hivyo mwenye gramu 201 na mwenye tani nzima. Anayeamini kwamba wahalifu hupima ukali wa adhabu kabla ya kutenda anieleze kwa nini mtu aliyekwisha kuvuka mpaka huo asiongeze mzigo, ikiwa kuongeza hakumwongezei hata siku moja gerezani.

Kenya ni mfano ulio wazi zaidi. Sheria yao ya mwaka 1994 iliweka kifungo cha maisha pamoja na faini kubwa, na chini ya sheria hiyo hiyo familia ya Akasha ya Mombasa iliendelea na biashara kwa miaka mingi. Ndugu wawili, Baktash na Ibrahim, walikamatwa Novemba 2014, wakapata dhamana, na kesi ya kuwapeleka Marekani ikaburutwa mahakamani kwa zaidi ya miaka miwili. Waendesha mashtaka wa Marekani walieleza baadaye kwamba katika kipindi hicho maofisa walihongwa, wakiwamo majaji. Januari 2017 ndugu hao walisafirishwa hadi New York, wakakiri makosa mwaka uliofuata, na wakahukumiwa miaka 25 na miaka 23. Adhabu waliyopata huko ni nyepesi kuliko kifungo cha maisha kilichoandikwa katika sheria ya kwao. Ila huko walifikiwa.

Hapo ndipo ninapotaka kukaa, kwa sababu ndipo watetezi wa ukali wasipopatazama. Ukali si kitu unachoongeza huku mengine yakibaki yalivyo. Kila ukiongeza miaka, unaongeza pia bei ya rushwa ambayo mtuhumiwa yuko tayari kuitoa, hofu ya shahidi kufika mahakamani, na uzito unaomwelemea hakimu anapoandika hukumu. Chukueni bahasha ya kaki yenye kete zilizokamatwa chumbani kwa mtu. Lazima ijazwe hati ya ukamataji na kusainiwa na mtuhumiwa, askari na shahidi huru. Ifungwe kwa lakiri. Ikabidhiwe kwa mtunza vielelezo kwa maandishi. Ipelekwe kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, ipimwe, irudishwe, kisha itambuliwe mahakamani na kila aliyeishika. Saini moja ikikosekana, au uzito wa kwenye hati ukitofautiana na ule wa maabara kwa sababu mmoja alipima na mfuko na mwingine alipima unga mtupu, mimi wakili nitasimama na kuuliza, na ni wajibu wangu kuuliza. Kama tofauti hiyo ndiyo inayoamua kati ya miaka 30 na maisha, hakimu mwadilifu atasita, na ana haki ya kusita. Kwa hiyo adhabu iliyokusudiwa kutisha inaishia kuzaa wanaoachiwa huru, na mtaani habari za aliyeachiwa husambaa upesi kuliko za aliyefungwa.

Kuhusu teja nitasema kwa kifupi. Mtu ambaye arosto itamshika jioni hana nafasi ya kuwaza miaka 30, na wauzaji wadogo wengi ni mateja wanaouza ili nao wapate. Anayefungwa leo, nafasi yake maskani haikai wazi.

Wabebaji, wale tunaowaita punda, wana somo lao. China ina adhabu ya kifo kwa dawa za kulevya na vijana wetu wanalijua hilo, lakini walipanda ndege. Padri John Wotherspoon, aliyekuwa akihudumia wafungwa Hong Kong, alianza mwaka 2013 kusambaza barua za Watanzania waliofungwa huko, barua zilizosema wazi jinsi walivyokamatwa na jinsi waliowatuma walivyowatelekeza. Padri mwenyewe amesema kwamba baada ya hapo Watanzania wapya gerezani walipungua. Sheria ya Hong Kong haikubadilishwa ili hilo litokee. Waliobadilika ni vijana, waliosadiki kwamba kukamatwa ni jambo la kweli.

Sasa nikiri kinachonisumbua. Singapore ina matumizi madogo ya dawa, na anayesafirisha zaidi ya gramu 15 za heroini anaweza kunyongwa. Siwezi kuifuta kwa kalamu. Lakini ni kisiwa kidogo, mipaka yake inalindwa, polisi wake ni vigumu kuhongwa, na watumiaji waliowahi kukamatwa hupimwa mkojo mara kwa mara. Sioni namna ya kukitenga kitanzi na hayo mengine ili kujua ni kipi kinachofanya kazi. Shaka yangu ya pili iko karibu zaidi. Mwaka 2017 wateja wangu walinieleza kwamba unga umeadimika Dar es Salaam. Mwaka huo adhabu zilikazwa, lakini misako pia iliongezeka kupita kawaida, na watu waliodhani hawagusiki wakaitwa polisi. Ninaamini ni misako, ingawa anayesema ni adhabu sina ushahidi wa kumfunga mdomo.

Kama Bunge linataka kuligusa jambo hili tena, liache miaka kama ilivyo na lipeleke fedha kwenye mizani zilizohakikiwa katika vituo vya polisi, vyumba vya vielelezo vyenye rejesta zinazokaguliwa, wakemia wa kutosha, na ulinzi wa mashahidi. Na liongeze kliniki za methadoni, dawa wanayopewa mateja badala ya heroini, ambazo tunazo tangu Muhimbili ilipoanza mwaka 2011, kwa sababu teja anayekunywa dozi yake kila asubuhi hana haja ya kumtafuta pusha.