Kuotesha adesi nyumbani: uongo mwingi, ukweli huu hapa

Naongelea adesi nzima za kahawia au kijani, ndugu zetu wa Kenya mnaziita kamande.

"Adesi yoyote inaota." Haioti. Zile za rangi ya chungwa zinazoiva chap zimeshakobolewa na kupasuliwa, loweka hata wiki utaambulia uji unaonuka. Chukua nzima zenye ganda. Na zile za kupanda shambani zilizopakwa rangi ya pinki au bluu achana nazo kabisa, ile rangi inaonyesha zina dawa na usitegemee kuiosha ikaisha.

"Ziache kwenye maji mpaka ziote." Hapa ndo wengi wanaharibu! Maji ya kuzama ni ya kuloweka tu, masaa 8 hadi 12, yaani unaloweka usiku asubuhi unamwaga yote, baada ya hapo punje inataka unyevu na hewa maana inapumua, ukiizamisha inakosa oksijeni inaoza. Suuza mara 2 au 3 kwa siku, chuja kabisa, halafu chupa ya mdomo mpana iliyofungwa kipande cha neti safi unaiinamisha kwenye bakuli ili matone yaishe. Kwa joto la Dar au Mombasa siku ya pili mikia ishatoka, huko Njombe kwenye baridi vumilia kama siku 4 hivi.

"Zinahitaji udongo, mbolea na jua." Hamna. Chakula cha kuanzia kimo ndani ya punje yenyewe, na jua kali litazikausha tu.

"Zimeota manyoya meupe, mwaga!" Subiri kwanza. Manyoya yaliyozunguka mkia tu na yanayolala ukimwagia maji ni vinywele vya mzizi, kawaida kabisa. Ukungu wenyewe unatanda kama utando wa buibui toka punje moja hadi nyingine, na unanuka uvundo. Huo ndo wa kumwaga, chupa nzima, sio kuchaguachagua.

"Zikiota protini inakuwa mara 3." Nani kawaambia jamani? Adesi kavu zina kama gramu 25 za protini kwa kila gramu 100, zilizoota zina kama 9, kwa sababu zimejaa maji. Kinachopanda kweli ni vitamini C, toka kama miligramu 4 hadi 16 hivi. Na zile sukari zinazojaza gesi tumboni zinapungua, hilo halina ubishi.

"Nimeotesha mwenyewe kwa maji safi, nakula mbichi." Sasa hii ndo ya hatari, maana uchafu unaweza kuja na mbegu yenyewe, na joto na unyevu unaootesha adesi ndo huohuo bakteria wanaoupenda. Mwaka 2011 Ujerumani watu karibu 4,000 waliugua na zaidi ya 50 wakafa kwa bakteria aitwaye E. coli, matango ya Hispania yakalaumiwa bure, mwisho ikaonekana ni machipukizi ya uwatu kutoka shamba lililokuwa linafuata kilimo hai. Kwa hiyo zipike, hasa kama nyumbani kuna mjamzito, mtoto mdogo au mzee. Zinawahi kuiva, tupia kwenye mchuzi wa nazi zichemke kisawasawa, vitamini C itapungua kiasi na tumbo litakuwa salama. Maharage mekundu ndo hata usijaribu kuyala mbichi, yameota hayajaota, yana sumu inayotapisha na kuharisha mpaka yachemshwe.