Je, wajua kwa nini presha ya macho huenda mbio kwa mmoja na polepole kwa mwingine?

Mzee wa Ngamiani, hapa Tanga, anayepanda baiskeli kila asubuhi kwenda sokoni anaweza kusoma bango la duka lililo mbele yake, na bado asiione baiskeli inayomjia ubavuni. Glakoma, ambayo wengi tunaiita presha ya macho, huanza kula pembeni, taratibu, bila maumivu. Katikati hubaki safi kwa miaka. Kwa hiyo watu wawili wanaweza kuambiwa siku moja kuwa wanayo, wote wakiwa wanaona vizuri. Miaka kumi baadaye mmoja anashikwa mkono kuvuka barabara, mwenzake bado anasoma gazeti.

Kinachowatenganisha zaidi ni presha yenyewe. Ndani ya jicho kuna maji, tofauti na machozi, yanayotengenezwa na kutoka muda wote. Njia ya kutokea ikiwa ngumu kupitika, presha hupanda na kuumiza mshipa wa fahamu unaopeleka picha kwenye ubongo. Mshipa huo una nyuzi zipatazo milioni 1, na uzi uliokufa haurudi. Kwa kawaida kipimo cha presha ya jicho huwa kati ya milimita za zebaki 10 na 21, ingawa wapo wanaoharibikiwa hata wakiwa chini ya 21. Utafiti mkubwa uliofanyika Sweden ulionyesha kuwa kila milimita 1 inayoshushwa hupunguza hatari ya ugonjwa kusonga mbele kwa takriban asilimia 10.

Sasa njoo nyumbani kwetu.

"Shikamoo babu. Dawa ya macho umeweka?"

"Marahaba mjukuu wangu. Leo hayaniumi, nitaweka kesho."

Babu hana ukaidi. Tone la glakoma haliongezi uoni, pengine linachoma, na chupa ni hela. Anayelitumia haoni tofauti, na anayeliacha haoni tofauti pia, mpaka uharibifu umeshafika mbali. Wengi hukumbuka chupa siku chache kabla ya kliniki. Presha inapimwa, inakutwa nzuri, daktari anaridhika, kumbe wiki zote za katikati ilikuwa juu. Ukiulizwa kama umeruka dozi, sema kweli. Daktari hupanga dawa kwa jibu hilo. Na ukiweka, tone moja linatosha: vuta kope ya chini, dondosha bila ncha ya chupa kugusa jicho, fumba, bana kona ya jicho karibu na pua kwa dakika mbili hivi. Kama una dawa ya pili, subiri dakika tano.

Lipo jambo jingine linaloniuma sana. Macho yakiwasha, mtu huenda duka la dawa akanunua tone lenye deksamethasoni. Muwasho unakatika upesi, chupa inanunuliwa tena, miezi inapita. Hiyo ni steroidi, dawa kali ya kutuliza uvimbe na muwasho. Ikitumika kwa wiki nyingi bila kupimwa, hupandisha presha ya jicho kwa baadhi ya watu, na mwenye glakoma yuko hatarini zaidi. Watoto wenye mzio wa macho hupewa dawa hizi mno.

Yapo usiyoweza kubadili: umri mkubwa, konea (kioo cha mbele cha jicho) nyembamba, mshipa uliokwisha kuharibika sana siku ya kugunduliwa. Daktari akiona kijidoa cha damu pembeni mwa mshipa huo, huongeza ukali wa matibabu. Kama mzazi au ndugu yako wa tumbo moja anayo, nenda ukapimwe hata kama unaona vizuri. Usikae ukidhani ni mtoto wa jicho unayengoja akomae. Yule hupasuliwa na uoni ukarudi, glakoma hairudishi kitu.

Wenye presha ya damu nao wawe makini. Ikishuka mno usiku, mshipa wa jicho hukosa damu ya kutosha. Usiache vidonge, lakini mwambie daktari wa macho unavimeza saa ngapi.

Kwa anayeshindwa na matone, ipo tiba ya leza, yaani mwanga maalumu unaoelekezwa ndani ya jicho. Utafiti uliofanyika hospitali ya KCMC, Moshi, na kuchapishwa 2021 uliilinganisha na matone ya timololi: baada ya mwaka mmoja, leza ilifanikiwa kwa asilimia 61 ya macho, timololi asilimia 31. Muulize daktari wako kama jicho lako linafaa, na inapatikana wapi karibu na Tanga.