Je, wajua? Kuiba kuku ni kosa kubwa, kumzaba mtu kofi ni kosa dogo

Jioni moja kijiweni Magomeni, kijana alikamatwa na jogoo kwapani, miguu imefungwa kwa kipande cha khanga. Mzee mmoja akamtetea: "Mwacheni bwana, kosa lenyewe dogo, kuku mmoja tu." Nusu ya wanywa kahawa wakaafiki.

Sheria haikubaliani na mzee. Mtaani kosa tunalipima kwa bei ya kilichochukuliwa au kwa machungu ya aliyechukuliwa. Sheria inaangalia adhabu ya juu kabisa iliyowekwa. Kwa Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, Sura ya 16, kosa linaloweza kumfunga mtu miaka 3 au zaidi ni kubwa, isipokuwa sheria yenyewe ilitaje kuwa dogo. Yanayobaki yote ni madogo.

Sasa fungua kifungu cha 265. Wizi wa kitu kisichowekewa adhabu yake maalumu ni hadi miaka 7, na kuku yumo humo. Mbuzi na ng'ombe wana kifungu chao, kikali zaidi. Rudi nyuma kidogo hadi cha 240, shambulio la kawaida: umemzaba mtu kofi, hukumjeruhi, kifungo chake hakizidi mwaka 1. Hiyo ni mipaka ya juu tu. Hakimu anaweza kushuka chini sana, na kwa jogoo mmoja mara nyingi hushuka. Lakini jina la kosa halishuki naye.

Wala "dogo" si sawa na jepesi. Kosa dogo ambalo halikutajiwa adhabu, kifungu cha 35 kinaruhusu hadi miaka 2 jela. Kamuulize aliyewahi kulala Ukonga kama miaka 2 ni midogo.

Mgawanyo huu tuliurithi kwa Waingereza, katika sheria iliyoanza kutumika Tanganyika mwaka 1930. Wenyewe kwao waliuondoa mwaka 1967. Sisi bado tunao.

Urithi mwingine ndio unaojaza karandinga: uzururaji. Kifungu cha 176 kinamgusa hata mtu mwenye nguvu zake asiye na kazi ya kumwingizia kipato, na mizizi yake inarudi kwenye sheria ya Uingereza ya mwaka 1824. Hapo, kwa maoni yangu, hakuna hata aliyeibiwa. Kosa ni kuonekana huna pa kwenda. Tarehe 4 Desemba 2020, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, ilitoa maoni kwamba sheria za uzururaji za namna hii zinakiuka Mkataba wa Afrika wa haki hizo, na nchi zinapaswa kuzirekebisha au kuzifuta.

Yule kijana wa Magomeni hakufika kituoni. Alizabwa makofi mawili, jogoo akarudishwa bandani, na aliyempiga akakaa kumalizia kahawa yake.